Ua la Jabali na Cheti cha Kifo

Vijana wa kitalu, siku ya kuniaga mliniletea karatasi ishirini mkasema, "Mzee Mrisho, andika kazi ulivyoiona, usiende nayo kaburini." Nimezihesabu mara mbili. Ni kumi na tisa. Ya ishirini mlifungia zile karanga za zawadi, nimeijua kwa mistari yake. Si kitu, nitaubana mwandiko.

Cheo na mshahara nitaviruka. Cheo kilikuwa kimoja, na mshahara ndio huohuo mnaoulalamikia nyie. Tofauti ni kwamba mie nilianza kuulalamikia ulipokuwa bado mdogo.

Niliingia kazini kwa ubishi. Nilikuwa nauza miche ya michungwa na midimu kando ya Barabara ya Kilwa, hapahapa Mtoni, kila mche ndani ya mkebe wake. Siku moja akasimama Mzungu mrefu wa kaptula, kamba inaning'inia mfukoni, akataka miche arobaini. Nikamhesabia. Akahesabu mwenyewe, akasema ni thelathini na tisa. Nikarudia: arobaini. Akarudia: thelathini na tisa. Wapita njia wakaanza kusimama, maana ubishi wa bure haupatikani kila siku. Nikamwambia, "Bwana, inua mguu." Akainua. Mche wa arobaini ulikuwa chini ya kiatu chake, umelala kama mkeka. Akaulipia. Kesho yake akatuma mtu kuniita kitalu cha serikali. "Huyu," alisema, "afadhali awe upande wangu."

Sie tulimwita Bwana Kamba, kwa ajili ya ile kamba. Alipima nafasi kati ya mche na mche, alipima urefu wa kivuli, na asubuhi moja alitupima sie wenyewe tuliposimama kupokea majembe, akawasogeza watatu nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenyooka, na ukinyooka sana huku pwani, ambako hata minazi imejipinda kwa hiari yake, utapata tabu.

Aliyenifunza kazi hasa ni Mzee Barnaba, Mmakua wa Masasi, mfupi, mkimya, na kofia ya kitambaa aliyoivua kanisani tu. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Unajua kusikia?"

"Nasikia, mzee."

"Haya, sikia." Akagonga mkebe mmoja kwa kifundo cha kidole. Ukalia. Akagonga wa pili. Ukanyamaza. "Huu una kiu, huu umeshiba. Kama watoto tu. Usimwagilie kwa saa ya Bwana, mwagilia kwa sikio."

Wiki nzima nikawa nagonga mikebe. Ilikuwa elfu moja mia mbili na saba. Safari ya pili ikawa elfu moja mia mbili na sita, nikaitafuta hiyo moja mpaka jioni, kumbe nilikuwa nimeikalia. Nyumbani mke wangu alinikuta nagonga sufuria ya wali, akaniuliza kama serikali imeniroga.

Vifaa vyetu mnavijua, ingawa nyie mnavitupa hovyo. Mikasi ya kupogolea ilikuwa miwili, mmoja mzima. Toroli lilikuwa na gurudumu linalolia hata likiwa limesimama. Lakini kifaa cha heshima kilikuwa kopo la kumwagilia la Mzee Barnaba, lenye mdomo mpana wa matundu ambayo aliyazibua kila Jumatatu kwa mwiba wa ndimu. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Nilijaribu mara moja. Alinitazama tu, nami nikalirudisha na kulifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Jumamosi ilikuwa siku ya wafu. Miche yote iliyokufa wiki hiyo ilitolewa, ikapangwa kumikumi juu ya mkeka. Mie nikahesabu, Bwana Kamba akahesabu, akatia sahihi, kisha Komba akaipeleka jaani kuichoma. Komba alikuwa Mngoni mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili. Babu zake waliwahi kupigana na babu zake Barnaba, kwa hiyo hawa wawili walikuwa watani, na matusi aliyomkaribisha nayo mzee kila asubuhi, angetukanwa mwingine tungeita polisi.

"We Mmakua, bado hujafa tu? Sanda nimeshanunua, inaliwa na panya."

"Nakungoja wewe utangulie, ukanifagilie njia."

Hapo ndipo tulijua kazi imeanza.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Wazungu walikuwa na maonyesho yao ya maua kila mwaka, wakati wa vuli, na kila mwaka Bwana Kamba alishindwa na bibi mmoja wa mawaridi. Mwaka huo aliapa kupeleka kitu ambacho bibi yule hajawahi hata kukisikia. Akawa anafunua kitabu kikubwa cha picha mezani pake, barazani, na Mzee Barnaba akapita na kopo lake. Akatupa jicho, akatamka maneno yaliyokuja kumgharimu.

"Hilo la kwetu, Bwana. Linaota juu ya majabali."

Ni ua la milima ya mawe. Halitaki shamba. Linajishika kwenye ufa wa jiwe, mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kupanda hata uyoga, na linaishi hapo miaka na miaka. Shina lake jeusi, gumu, limevaa magamba kama mguu wa kuku. Majani membamba kama ya nyasi. Na ua rangi ya zambarau iliyofuliwa mara nyingi ikaanikwa juani. Kitabuni lilikuwa na jina la Kilatini lenye herufi nyingi kuliko majani yake. Barnaba alisema kwao wanaliita ua la jabali tu, na watu wana shughuli nyingine.

Likizo ya mzee ilikuwa karibu. Akaondoka na barua ya Bwana Kamba: alete mimea kumi na miwili, kila mmoja na jiwe lake. Mawe ya Masasi hayapatikani hapa Temeke, huku tuna mchanga na matumbawe.

Alirudi kwa meli kutoka Lindi, masika yakiishia, na mie nikaenda bandarini na toroli kumpokea. Nilimkuta amekwama mbele ya karani wa bandari, kijana wa tai.

"Haya ni mawe," alisema karani. "Mawe ni vifaa vya ujenzi. Yanalipiwa kwa uzito."

"Ni maua," nikasema.

"Maua nayaona. Chini yake kuna mawe."

"Ukimpokea ng'ombe melini, unapima kwato peke yake?"

Akanitazama. "Yana uhai haya?"

"Yana uhai."

"Yanakula?"

"Yanakunywa."

Akapekua fomu zake zote. Fomu ya mawe alikuwa nayo, ya mbegu alikuwa nayo, ya ua lililokaa juu ya jiwe lake serikali haikuwa imeiwaza. Mwishowe akachomoa ile ya mifugo, ambayo ushuru wake ulikuwa kwa kichwa na mdogo kabisa. Akaandika: *Viumbe hai, vichwa kumi na viwili.* Palikuwa na sehemu ya tabia. Akaniuliza. Nikasema, "Wapole." Akaandika wapole. Nakala moja kwetu, nakala moja makao makuu.

Nilitoka pale nimejaa furaha kama mtu aliyenunua samaki wawili kwa bei ya mmoja. Tulipofika barabarani Mzee Barnaba akasimamisha toroli. "Mrisho," akasema, "umewageuza maua wangu kuwa mbuzi."

"Mbuzi ushuru wake rahisi, mzee."

"Haya. Usije ukawachinja."

Bwana Kamba aliyapanga mawe kwa kamba, sita kwa sita. Mwezi mmoja yalikuwa ya kijani na ya kupendeza. Kisha kusi, ule upepo wa kiangazi, likaanza kukausha kila kitu, na Mzee Barnaba akaacha kuyapa maji.

"Kitabu kinasema maji kila siku," alisema Bwana Kamba.

"Bwana, kwetu miezi hii hakuna anayepanda jabali na ndoo."

"Hapa si jabali. Hapa ni kitalu."

Akayapa maji. Baada ya wiki mimea miwili ikaanza kulegea shingoni, kama mlevi anayesikiliza hotuba. Mzee akaenda mara tatu zaidi kusema, kila mara akaambiwa kitabu. Tangu hapo akawa anapita kila asubuhi, anainamisha kopo lake taratibu juu ya kila jiwe, Bwana Kamba anamwona toka barazani, anaridhika. Lakini mie ndiye niliyeajiriwa kuhesabu. Mzee alikwenda kwenye tangi mara tisa, akamwagilia matuta kumi.

"Mzee, kopo la kumi unalichota wapi?"

"Lipi la kumi?"

"La kwenye mawe."

Akatazama kushoto na kulia. "Hilo," akasema, "nawamwagilia hewa."

Majani yakawa ya kijivu, halafu ya kahawia. Yakajikunja yakajishika kwenye shina, na ukiyagusa yanavunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto. Ilipofika mwisho wa kiangazi tulikuwa na mawe kumi na mawili yenye vijiti vyeusi vilivyosimama. Bwana Kamba alikuja na kioo chake cha kukuzia. Akaweka kivuli cha makuti. Akaondoa kivuli cha makuti. Asubuhi moja akasema labda mzee anamwaga kwa kasi mno, ngoja amwonyeshe. Akalichukua kopo kutoka mkononi mwa Barnaba, nalo likapanda juu kama unyoya. Akaliinamisha. Kikatoka kibuibui.

Hakutukana. Angetukana tungejua tupo wapi. Alikwenda mezani akaandika kwamba Barnaba ameua kwa kiu mimea kumi na miwili ya serikali, na mwisho wa mwezi hana kazi.

Nyie vijana mnaweza kusema, kazi ni kazi, angepata nyingine. Sikilizeni. Mzee alibakiza miezi miwili tu kutimiza miaka yake ya utumishi. Akitimiza, anapewa kiinua mgongo na nauli ya kumrudisha yeye, mkewe na vyombo vyao mpaka Masasi, ambako alikuwa ameshasimamisha kuta za nyumba zinazongoja paa. Akifukuzwa, anapewa njia.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza.

"Nilimwambia mara nne."

Nikahesabu kichwani. Kweli, nne.

"Yamekufa?"

"Yamelala."

"Yataamka lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Itanyesha lini?"

"Hilo muulize mwenye nayo."

Zilibaki Jumamosi nne.

Jumamosi ya kwanza Bwana Kamba akaamuru ile kumi na miwili ipangwe mkekani pamoja na wafu wengine. Nikahesabu: mia moja na sita. Nikahesabu mara ya pili: tisini na nne.

"Ipi sahihi?" akauliza.

"Zote, Bwana. Ila kuna kumi na miwili nina mashaka nayo."

Kabla hajajibu, Komba akatupa reki, akajirusha kifudifudi juu ya mawe, akaanza kuomboleza kwa sauti iliyofika Kurasini. "Haondoki mtu hapa! Maiti hazichomwi! Nani atanilipa mie? Uwiii, Mmakua kafiwa na mie sijapewa kitu!"

"Ana nini huyu?" Bwana Kamba akaniuliza.

"Bwana, huyu ni mtani wa mfiwa. Kwa desturi, maziko hayaendi mpaka mtani apewe haki yake."

"Mfiwa ni nani?"

"Barnaba."

"Amefiwa na nani?"

"Na maua, Bwana. Na kama maua ni ya serikali, basi hata serikali imefiwa."

Akajizungushia kamba vidoleni. Alijaribu kumvuta Komba mguu, lakini Komba alikuwa na uzito wa magunia mawili na kilio juu yake. Akaghairi, akaingia ndani. Tukapata wiki moja. Nilijisifu sana.

Jumamosi ya pili Bwana Kamba alikuja na kuku.

Alikuwa amekwenda kuulizia huko mjini kuhusu mambo ya watani, akaelezwa vizuri, pengine na mtu aliyesoma. Komba alipojirusha tu juu ya mawe, Mzungu akamsogelea, akamshikisha yule kuku, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama matuta yake, "Hii ni haki yako. Sasa ondoka."

Komba akanitazama. Mie nikatazama chini. Utani ukilipwa umelipwa; angeendelea kulala pale angekuwa mwizi. Akainuka taratibu, majani makavu yamemganda shatini, kuku kwapani, amenyong'onyea kuliko kuku mwenyewe.

Hapo Mzee Barnaba akasogea mbele. "Nipeni mie kiberiti," akasema. "Nitawachoma mwenyewe."

Tulidhani ni uchungu. Hakutaka magogo wala mafuta ya taa. Mawe yalipofikishwa jaani, alitandaza nyasi kavu juu yake, tabaka moja jembamba, akazikoleza kwa vidole kama mtu anayekoleza chumvi mchuzini, akawasha upande wa upepo. Moto ukapita ghafla, ukaisha. Mawe yakabaki meusi na vijiti vifupi vyeusi. Bwana Kamba akatia sahihi. Moshi uliniingia machoni, na Komba akisema habari nyingine msimsikilize.

Wengine walipotawanyika nikamfuata mzee. "Umewamaliza?"

"Kwetu moto hupita mlimani kila mwaka kabla ya mvua," akasema, anapangusa mikono. "Nilikuwa nawaza nitamwombaje Bwana ruhusa ya kuwachoma."

Kumbe Bwana Kamba naye alikuwa na shida yake. Mche wa kawaida ukifa, sahihi yake ilitosha. Lakini hawa walikuwa na karatasi ya bandari, na nakala ilikuwa makao makuu: viumbe hai, vichwa kumi na viwili, wapole. Ili kuwafuta ilibidi ajaze fomu ya vifo vya mifugo, ileile tuliyoijaza maksai wa mkokoteni alipoanguka. Akaijaza, sababu ya kifo akaandika kiu, akaambatisha na barua ya kumfukuza Barnaba, akapeleka.

Jumanne alasiri mvua ikanyesha. Haikuwa ya mchezo. Toroli lilielea.

Ijumaa Komba alikwenda jaani kuzoa majivu ya bustani yake ya pilipili, tukasikia anaita, "Mrisho! Njoo uhesabu!" Nikaenda. Kila kijiti kilikuwa kimetoa ncha ya kijani, laini kama ulimi wa paka. Nikahesabu: kumi na mbili. Nikarudia: kumi na mbili. Nikarudia mara ya tatu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada yake, kwa raha tu.

Alhamisi ya wiki ya mwisho yakachanua. Nilipohesabu mara ya kwanza yalikuwa manne, ya pili matano, na sikuwa nimekosea. Ijumaa yote yalikuwa wazi, zambarau juu ya mawe meusi, jaa lote linanukia. Wanawake wa Mtoni waliokuwa wakipita na ndoo walisimama nje ya uzio kuuliza nani anaoa.

Bwana Kamba alikuja, akapiga magoti kwenye majivu na kaptula yake nyeupe. Akayapima kwa kamba. Maonyesho yalikuwa Jumapili.

"Barnaba anaweza kubaki," akasema. "Jumatatu nitamwandika mfanyakazi mpya."

Komba akapiga makofi. Mie nikahesabu mara ya kwanza nikapata kazi. Nikahesabu mara ya pili nikapata sifuri.

"Mpya, Bwana? Na miaka yake?"

"Inaanza Jumatatu."

"Kwa hiyo atastaafu akiwa na umri gani? Mia?"

"Mrisho, siwezi kufanya vingine. Mimea imekufa. Fomu imekwenda. Yeye amefukuzwa kwa vifo hivyo. Siwezi kumfukuza na papo hapo nisimfukuze."

"Lakini si hii hapa, Bwana?"

"Hii ni mingine. Imeota jaani. Nitaiandika mipya."

Nikavuta pumzi. Mie nimekulia barabarani, bei ikitajwa huwa najua ni ya kwanza. "Sawa. Kama ya serikali ilikufa, basi hii iliyoota jaani si ya serikali. Ni ya mwenye jaa."

"Mwenye jaa ni nani?"

"Komba. Majivu ni yake miaka yote, na kuku kapokea mbele ya mashahidi."

"Mie?" akasema Komba.

"Nyamaza, ni wewe."

"Basi Komba aniuzie."

"Komba hauzi," nikasema. "Anabadilisha. Maua kumi na mawili kwa miaka yote ya Mzee Barnaba, bila kupungua hata siku."

Tulivutana mpaka kengele ya saa nane. Bwana Kamba alipanda mpaka kwenye barua nzuri ya sifa. Nami nikakataa, kwa kuwa barua ya sifa haiezeki nyumba. Naye hakuwa mwongo, aliamini kweli kwamba daftari likifungwa limefungwa. Mzee Barnaba alibaki kwenye majivu. Alikuwa amechuchumaa, anagonga mawe kwa kifundo cha kidole moja baada ya jingine, anasikiliza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku yake ya mwisho. Alikuja amevaa suti ya kanisani. Saa tatu, akiwa anamkabidhi Komba mikasi, ikaingia baiskeli, na juu yake dresa wa zahanati ya jirani, mtu mnene wa sare nyeupe, begi begani, leso imefunga pua.

"Wako wapi marehemu?" akauliza.

Alikuwa na barua ya makao makuu. Niliisoma mie. Ilisema kwamba kifo cha mfugo wa serikali hakikubaliki bila cheti cha mganga. Kwamba mganga wa mifugo yuko safarini bara. Kwamba kwa hiyo dresa aliye karibu akague mizoga kumi na miwili. Na kwamba hakuna mtu wa kuadhibiwa kwa kifo ambacho makao makuu bado hayajakikubali.

Nikampeleka jaani. Akafungua leso. Akayatazama maua, akanitazama mie, akaisoma tena barua yake.

"Nimeandikiwa vichwa kumi na viwili, wapole."

"Upole wao si unauona?"

"Mbona wanachanua?"

Bwana Kamba akafika anatweta. "Andika tu kwamba yalikufa!"

"Bwana, samahani," alisema dresa. "Mwaka jana nilisaini kifo cha mtu bila kumgusa, wiki iliyofuata akaja mwenyewe kudai dawa ya kikohozi. Tangu siku hiyo sisaini mpaka nishike. Na huyu mgonjwa, mie siwezi kumwandikia kifo wakati ananukia vizuri kuliko mie."

Akachuchumaa kwa shida. Akatoa mpira wake wa kusikilizia, akaufikiria, akaurudisha. Mzee Barnaba akamwonyesha namna ya kugonga jiwe na kutega sikio. Dresa akagonga, kama anavyogonga vifua vya watu, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mlezi wao ni wewe, mzee? Walikuwa wanaumwa nini?"

"Usingizi."

"Tangu lini?"

"Tangu kusi lilipoanza."

"Wamepewa tiba gani?"

"Hewa," akasema Mzee Barnaba. "Halafu moto kidogo."

Dresa akaandika kila neno. Akapita jiwe kwa jiwe, yote kumi na mawili, jua limemwandama shingoni, Bwana Kamba yuko nyuma yake, amekutana na mtu aliyenyooka kuliko yeye.

Kuhusu maonyesho niseme hapa niyamalize: maua yalikwenda Jumapili yakawa ya pili. Waamuzi walisema ni mazuri ila mawe yamezidi.

Cheti kilisomeka hivi: *Nimekagua vichwa kumi na viwili. Hakuna aliyekufa. Walikuwa na usingizi mzito, na sasa wana majeraha madogo ya moto. Wote wana nafuu. Wasihamishiwe kwa mlezi mwingine, maana wamemzoea huyu.* Sahihi, mhuri, na tone la jasho.

Bwana Kamba alikisoma mara mbili. Akaingia ofisini, akarudi na ile barua ya kumfukuza Barnaba, akaipasua vipande vinne vilivyo sawa.

Mzee Barnaba akanishika mkono. "Na mie nimeandikwa humo?"

"Umeandikwa mwishoni, mzee. Mlezi."

"Sijafukuzwa?"

"Hujafukuzwa. Hicho cheti hakijui hata kama uliwahi kufukuzwa."

"Na miaka yangu?"

"Yote ipo, mzee. Hata leo imo."

Akatazama huku na huku, akakaa juu ya toroli na suti yake ya kanisani. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi. Akafunika uso kwa kofia. Bwana Kamba alimwona. Akageuka kuutazama ukuta wa stoo, akautazama bila kugeuka mpaka mzee aliposimama mwenyewe.